Blanketi la Baba Mkwe

Pasha mikono yako joto kwanza. Ndiyo, wewe binti uliyemaliza chuo cha unesi juzi, na wewe kijana mwenye glavu mfukoni na simu mkononi, nawaambia nyote. Ukishanawa na kukausha mikono, kabla hujagusa kidonda cha mtu, sugua viganja mpaka vipate joto. Mgonjwa aliyekesha na maumivu akiguswa na mkono wa baridi anashtuka, akishtuka kidonda kinachanika, kikichanika mnaanza upya. Glavu haikusaidii hapo. Baridi inapita kwenye glavu, nimejaribu mwenyewe.

La pili, lowesha bandeji. Usiivute. Bandeji iliyogandia kwenye nyama ilowe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, halafu ukae chini usubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda vijana. Mnataka kuvuta haraka haraka mkidhani maumivu mafupi ni huruma. Siyo huruma, ni uvivu, na mgonjwa anajua.

Nimekuwa nesi wa vidonda maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa kwenye zahanati ya misheni kule kwetu Tarime vijijini, nikitokea nyumbani Gorong'a. Nilianza tukiwa bado tunachemsha mabomba ya sindano ya kioo kwenye sufuria, na sindano yenyewe ikiwa butu tunainoa kwenye jiwe. Msicheke. Kuna mzee mmoja alipoona nanoa sindano yake aliruka dirishani na kaptula moja, tukamkuta baadaye sokoni anakunywa uji, malaria yake imeisha kwa woga.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Perpetua, mtawa mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku za mwanzo mama mmoja alifiwa na mtoto wodini, nami nikajipendekeza kwa maneno ya dini. Nikamwambia, "Usilie mama, Mungu amempenda zaidi." Sista alinishika mkono akanitoa nje mpaka kwenye kamba ya kuanikia mashuka.

"Robhi, kanisani kwenu kuna picha ya Bikira Maria chini ya msalaba?"

"Ipo, Sista."

"Pale anahubiri?"

"Hapana, Sista."

"Anafanya nini?"

"Amesimama tu."

"Basi rudi ndani ukasimame."

Nilirudi nikasimama. Yule mama alilia mpaka akachoka, akashika aproni yangu akalia tena. Mpaka leo sijapata somo la dini kubwa kuliko lile la kwenye kamba ya nguo.

Kwa hiyo msinisikie vibaya kwa haya nitakayosema. Kuna watu wanapenda kuyasifu mateso wakiwa wameshiba na hawaumwi popote. Mimi siyo wao. Mgonjwa akiumwa, mpe dawa ya maumivu. Dawa kwanza, maneno baadaye, na maneno yenyewe yawe machache. Lakini wengi wenu mtafika mahali ambapo dawa imefika mwisho wake na maumivu bado yanaendelea, na mtu anakutazama anauliza kwa nini. Hapo utafanyaje? Mimi nilifikishwa hapo na baba mkwe wangu.

Mzee Wambura, baba wa mume wangu, alikuwa na kidonda cha mguu. Kilianza na mwiba akiwa machungani, mwiba ukatolewa, kidonda kikabaki. Akaweka majani. Akaweka unga wa betri, ndiyo, betri ya redio, kwa ushauri wa rafiki yake ambaye sasa ni marehemu na Mungu amsamehe. Nilipopata habari, mguu ulikuwa umevimba kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, na harufu yake unaipata ukiwa bado kwenye zizi.

Nilikuwa nesi wa vidonda, na kidonda kibaya kuliko vyote tarafani kilikuwa kwenye boma langu mwenyewe. Lakini sikuwa na ruhusa ya kukigusa.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe mnachambua samaki. Zamani zetu, na kwa wengi wetu mpaka leo, mkwe ni moto. Mke wa mtoto hasogei karibu na baba mkwe. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Salamu yenyewe unaitoa ukiwa umegeukia pembeni. Tangu niolewe na Mwita sikuwahi kuuona uso wa baba yake kwa karibu. Nilijua kofia yake, fimbo yake na kikohozi chake. Kumshika mguu? Wee! Ukoo mzima ungesimama.

Angepelekwa zahanati basi, mtasema. Alikataa. Alisema hajawahi kubebwa tangu alipotahiriwa na hatabebwa sasa. Sista Perpetua alikuja kwa pikipiki akamfunga kidonda mara moja, akaja tena, halafu mvua zikakata njia ya pikipiki. Vijana wa jirani niliowaelekeza waliivuta bandeji kavu, mzee akawafukuza kwa fimbo akiwa amelala. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Binti zake wameolewa mbali. Na mtoto wake wa kiume pekee, Mwita wangu, hakuwepo.

Hilo la Mwita lazima niliseme sasa, kwa sababu bila yeye hamtaelewa chochote.

Mwita alikwenda kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Nyakunguru. Hakugombana na mtu. Aliamka akanywa chai, akambeba Bhoke, binti yetu mdogo, akamzungusha uani, akaniambia, "Narudi na ng'ombe wa kumfurahisha mzee." Mwanzoni alileta salamu kwa watu. Halafu salamu zikapungua. Halafu kimya. Nilikwenda Nyakunguru kumtafuta, nikazunguka kwa wachimbaji naulizia Mwita. Mama mmoja muuza uji alinionea huruma, akasema, "Dada, hapa ukiita Mwita wanageuka nusu ya shimo." Nikacheka, halafu nikakaa pembeni ya masufuria yake nikalia. Wengine walisema kaenda Geita. Wengine, kavuka Sirari kwenda Kenya. Hakuna aliyesema amekufa. Ningeambiwa amekufa ningejua la kufanya. Ningevaa kaniki nikaomboleza, nikamaliza.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Mzee anaoza mguu kwenye nyumba yake, mimi nasubiri kwenye yangu, na katikati uwanja wa ng'ombe ambao hakuna wa kuuvuka.

Siku moja mzee mwenyewe ndiye aliyeuvuka, kwa maneno. Alimwita mdogo wake na wazee wengine wawili wa ukoo, wakakaa nje ya mlango wake. Mimi niliitwa nikasimama mbali, nimewapa mgongo.

"Huyu mke wa Mwita," akasema kutokea ndani, "akivaa zile nguo nyeupe ni nani?"

"Ni nesi," mdogo wake akajibu.

"Akizivua?"

"Ni mkwe."

"Basi mimi simwiti mkwe. Namwita nesi. Aje na nguo nyeupe, na mimi nitajifunika blanketi kichwani. Simwoni, hanioni. Mguu peke yake ndio utakaotoka nje."

Wazee walinung'unika. Mmoja akauliza, na mguu je, siyo wa mkwe? Mzee akamjibu, "Mura, kijana, mguu huu sasa ni wa funza. Kaulizane nao."

Ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda zahanati nilivaa sare, nikapasha mikono kwenye moto wa jikoni kwangu, nikavuka uwanja na beseni. Nilimkuta amelala chali, blanketi jekundu limemfunika kuanzia kichwani mpaka magotini, na mguu umelala kwenye kigoda. Nilisema "Shikamoo baba" nikitazama ukuta, na blanketi likajibu "Marahaba." Nawahakikishieni, mara ya kwanza nilijing'ata mdomo nisicheke.

Hapo nilijifunza jambo ambalo hamtafundishwa chuoni. Nesi anasoma maumivu usoni, siyo? Mimi sikuwa na uso. Nikaanza kusoma vidole vya mguu. Kidole gumba kikijikunja, nimeumiza, nasimama. Vidole vyote vikitanuka, anataka kusema. Vikilegea, amesinzia na naweza kusafisha kingo za kidonda. Nyama ikiwa nyekundu na inang'aa kidogo, nafurahi. Ikiwa ya kijivu, naangalia anakula nini, na mara zote nakuta amegawa mayai yake kwa mbwa.

Kidonda kilisafika. Funza waliisha, harufu ikaisha, lakini kufunga kiligoma, na maumivu yalibaki makali sana. Vidonge vya zahanati vilikuwa vinayapunguza kwa saa mbili tatu. Baada ya hapo mzee alikuwa anaunguruma ndani ya blanketi, na siku nyingine anamtukana Mungu kwa Kikurya, matusi mazito ya mchungaji. Hakuwa amebatizwa. Alisema dini ya kupiga magoti ni ya watu wasio na ng'ombe.

Asubuhi moja vidole vilitanuka.

"Nesi, huyo Mungu wenu anapata nini mimi nikiumwa?"

Nikakumbuka kamba ya nguo. Nikanyamaza. Akauliza tena kwa ukali.

"Hapati kitu, baba," nikasema. "Ila na yeye aliumwa."

"Nani, Mungu?"

"Alipigiliwa misumari. Ya miguuni pia."

Blanketi likatulia kabisa. Halafu akasema, "Miguuni. Hebu nieleze vizuri."

Ilikuwa kwaresima. Nikaanza kumsimulia Njia ya Msalaba, kituo kimoja kila asubuhi, huku bandeji inalowa. Alikuwa na maoni juu ya kila kituo. Pilato aliponawa mikono, alisema huyo anafaa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Tulipofika kwa Simoni wa Kirene, aliyekutwa anatoka shamba akabebeshwa msalaba, mzee alinisimamisha.

"Alijitolea?"

"Hapana baba, alikamatwa tu akalazimishwa."

"Basi huyo ni wa rika langu," akasema, na akafurahi kweli. "Mimi pia sikuomba. Nilikuwa narudi na ng'ombe wangu."

Na kwa Veronika, yule mwanamke aliyempangusa Yesu uso, aliuliza kama alikuwa ndugu yake. Nikasema hapana. Mkwe wake? Hapana, mpita njia tu. "Mwanamke jasiri," akasema. "Wewe angalau umeshika mguu."

Mimi ndiye niliyemwambia habari ya kutolea. Kwetu Wakatoliki tunafundishwa kwamba maumivu usiyoweza kuyaondoa unaweza kuyaunganisha na ya Kristo na kumtolea Mungu kwa ajili ya mtu. Niliisema kwa sauti ndogo, nikiogopa kuhubiri. Hakuniuliza kwa ajili ya nani. Tangu siku ile, nilipofika mahali pabaya pa kidonda, pale chini ya kifundo, nilisikia ndani ya blanketi anasema, "Mwita." Nikigusa tena, "Mwita." Na mimi nikiwa nimeinama na kibano mkononi, machozi yananidondoka kwenye sare, kwa sababu jina hilo hakuna mtu mwingine aliyekuwa analitaja nyumbani. Watu walinionea huruma wakaliruka. Mzee peke yake alilisema kwa sauti kila asubuhi. Nilikuwa navuka ule uwanja na beseni langu kwenda kusikia jina la mume wangu.

Lakini Mkurya ni Mkurya. Mvua zikapita, mahindi yakavunwa, na siku moja nilimkuta amenuna.

"Nesi, nenda kamwambie padre wako mimi nimechoka kudanganywa. Nimetoa. Nimetoa asubuhi, nimetoa jioni. Kwetu ng'ombe wakishafika zizini kwa wakwe, binti analetwa. Mwita yuko wapi?"

Loo! Nilibaki na bandeji mkononi. Mzee alikuwa amechukua maumivu yake akayafanya mahari.

Nilikwenda kwa padre, naye akaniambia la kumwambia: Mungu hauzi kitu, kwa hiyo hakuna bei ya kulipa. Nikarudi nikalisema lile neno vile vile nikiwa nimeinamia mguu. Kidole gumba kikajikunja, na sikuwa nimemgusa. Siku ile hakusema tena, hata Mwita hakumtaja. Nilikwenda kazini nikiwa na hofu kwamba nimemvunja mzee wa watu.

Kesho yake nilipoingia vidole vilikuwa vimetanuka tayari, ananisubiri.

"Padre wako ni wa wapi?"

"Wa mbali, baba. Bukoba."

"Ndiyo maana. Mwambie hata ng'ombe siyo bei. Wewe ulinunuliwa? Nilipeleka ng'ombe kwa baba yako na hakuuza mtu. Wale ng'ombe walifunga nyumba yake na yangu. Ndiyo maana wewe uko hapa umeshika mguu unaonuka na Mwita hayupo. Angekuwa amekuuza ungekuwa umeshaondoka."

Niliinamia beseni, wanangu, nikakamua kitambaa.

"Sasa nimelala nikafikiri," akaendelea. "Mimi na huyo mtu wa misumari tumeshapeana. Yeye alitoa kwanza. Mimi natoa haya yangu ya mguu. Nyumba yake na yangu ni moja. Mwita akirudi ni mtoto wa nyumba hiyo. Asiporudi pia, popote alipo, ni mtoto wa nyumba hiyo. Hatakuwa mtu asiye na kwao. Kamwambie padre aje anibatize."

Padre alikuja. Mzee aliulizwa jina akasema Simoni, kwa ajili ya yule wa rika lake. Nilisimama nje ya mlango nimegeuka, nikasikia maji yanamwagika kwenye kichwa ambacho sijawahi kukiona, na mzee akalalamika kwamba maji ni ya baridi. Hata padre hakupasha.

Baada ya hapo alinipa agizo. Alilirudia mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale.

"Siku Mwita akirudi, usiniambie. Usipige kelele. Mpe beseni aje anioshe. Nitamjua kwa mkono."

Nikawa najiandaa kwa siku hiyo kabisa. Nilikuwa naweka kitambaa cha ziada, na sabuni nzuri ile ya kipande, kwa sababu Mwita angekuja na mikono ya udongo wa shimoni. Nilikuwa naona kabisa jinsi nitakavyomkabidhi beseni mlangoni, nimwekee kidole mdomoni asiseme. Nilimtamani kiasi kwamba nilikuwa nafananisha nyayo za watu njiani na zake, nikisikia mtu anatembea kwa haraka natoka mlangoni. Msiombe kuyajua hayo.

Halafu homa ikaja. Mzee alikuwa amezeeka, na kidonda cha muda mrefu mwisho hudai chake. Alipakwa mafuta ya wagonjwa. Asubuhi iliyofuata niliamka na kazi nyingi. Nilikuwa nimepasua kuni, viganja vimekuwa vigumu na vizito, na vina joto la shoka. Nikanawa, nikavuka na beseni. Sikutoa salamu, nilidhani amelala. Nikaweka mkono kwenye mguu.

"Mwita," akasema.

Siyo kama siku zote. Hakuwa anatolea. Alikuwa anaita. Mkono ukatoka ndani ya blanketi unatafuta hewani.

"Mwita, umekuja?"

Nawaambia ukweli, nilitaka kusema ndiyo. Sauti ya Mwita naijua, ningeweza kuikohoa tu ikatosha. Mzee angekufa na furaha, na nani angeumia? Lakini ulimi uligoma. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikafanya kazi ninayoijua. Nikamwagia bandeji maji ya chumvi, nikakaa nikasubiri ilowe.

Tukakaa hivyo. Maji yanadondoka kwenye beseni.

Halafu nikasikia anacheka, kicheko chembamba. "Ni wewe," akasema. "Mwita hana subira ya kulowesha."

Na akalivuta blanketi.

Nilifunga macho. Haki ya Mungu, nilifunga macho nikageuka ukutani.

"Geuka, binti yangu," akasema. Hakusema nesi. Hakusema mke wa Mwita. "Kuna jasho linaingia machoni. Nipanguse uso."

Nikageuka. Nikachukua kile kitambaa nilichokuwa namwekea Mwita, nikakichovya, nikakikamua, nikampangusa baba mkwe wangu uso. Na yale macho, wanangu. Yalikuwa macho ya Mwita. Miaka yote nimekaa kwenye boma lile ninamlilia mume wangu, na macho yake yalikuwa pale ng'ambo ya uwanja, chini ya blanketi, kila asubuhi, na mimi natazama mguu. Nilimpangusa nikarudia, nikarudia. Aliniacha. Nilikuwa natazama.

Alifariki kabla ya ng'ombe kurudi kutoka machungani. Wazee wa ukoo waliuliza kama adabu ilishikwa mpaka mwisho, kama blanketi lilikuwepo. Nikasema lilikuwepo. Lilikuwepo kweli, shingoni.

Mwita hajarudi. Bhoke amekua, ameolewa na kijana wa Kiikoma, Yosefu, wanaishi Mugumu. Mimi nimestaafu. Vitu vimebadilika, siku hizi kuna dawa za kupaka zinazotoka kwenye paketi, bandeji zisizogandia kabisa, na kijana anapiga picha ya kidonda anamtumia daktari aliye mbali. Vizuri sana. Mngekuwa na hizo enzi za mzee ningewabusu miguu.

Mwaka huu Bhoke alijifungua, nikapanda gari kwenda kumpikia uji wa mzazi. Kulala nyumba moja na mkwe siwezi, nililala kwa Bi Zuhura, fundi cherehani jirani yao, mama wa Kiislamu mwenye maneno mengi. Jikoni kwake nikajimwagia uji wa moto mguuni. Nesi mzima, mstaafu! Bi Zuhura alinifunga kanga huku akisema nimeharibu uji mzuri, akanipeleka kutibiwa. Nimekaa kwenye kitanda nasubiri, pazia linafunguliwa, anaingia nani na trei? Yosefu, mume wa mwanangu.

"Toka nje!" nikapiga kelele. Wagonjwa wote wakageuka.

"Mama, nesi mwenzangu yuko na mzazi wodini. Niko peke yangu."

Nikatazama ukuta. Yeye akatazama dari, masikini, Bhoke amemfundisha. Mguu unawaka moto. Nikafikiri sana, kisha nikasema, "Kuna blanketi?"

Alinipa shuka la hospitali. Nikajifunika kichwa. Nikasikia maji yanamiminika, halafu sauti ndogo ya kitu kinasuguliwa. Sikuelewa mpaka aliponigusa. Mikono yake ilikuwa ya moto.

Niliumwa, siwafichi. Kuungua ni kubaya. Alipofika mahali pabaya nilisema, "Mwita." Lilitoka lenyewe. Akasimama.

"Mama, kidole kimejikunja. Nimekuumiza?"

Ndani ya lile shuka nikalia. Nikamlilia mzee. Natamani angekuwepo nimuulize kama ndivyo ilivyokuwa huko ndani, giza lile jekundu, pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni, na mtu usiyemwona ameshika maumivu yako kwa adabu. Sasa nimejua kwa nini hakuwa peke yake. Kujua huko hakujanipunguzia hamu ya Mwita hata kidogo. Hamu yenyewe ndiyo ninayotolea sasa, kwa sababu mguu unapona na hamu haiponi.

Yosefu anakuja kila asubuhi kunifunga kidonda kwa Bi Zuhura, mpaka nipone nirudi Gorong'a. Mimi huwa nimeshajifunika anapoingia. Nimempa agizo moja, na nyinyi pia mtakaonihudumia nikizidi kuzeeka, mlishike. Akija mtu, atakuwa mzee sasa, anaulizia nyumba ya Robhi mke wa Mwita, msiniambie. Msipige kelele. Mpeni beseni, mkae pembeni. Na akiivuta bandeji bila kulowesha, mwacheni avute.

Nitamjua kwa mkono.